Mwaka wa Kuhesabu Cheche

Mwalimu Hemedi amezikwa Alhamisi huko Kirongwe. Nimerudi Chole jana, kwa lori la nazi mpaka Utende kisha kwa mtumbwi, miguu imenivimba, na Biubwa, mtoto wa marehemu dada yangu ambaye nimemlea tangu akiwa na miaka mitano, ameniwekea maji ya moto ya chumvi kwenye beseni akaniambia nitulie. Sikuweza kutulia. Nimemwomba karatasi na kalamu. Naandika kwa herufi za Kiarabu kwa sababu ndizo nilizofundishwa chuo cha Kurani, na macho yangu, ambayo zamani yalisifiwa, sasa yanataka nikae ubavuni mwa dirisha. Tulikuwa watu wanne mle ndani ya nyumba ya giza mwaka ule, na sasa nimebaki peke yangu. Biubwa amesikia mengi tangu utotoni mwake: kwamba tulikuwa tukichunga radi ya Mzungu, kwamba Mzungu alimchoma mama yake kwa moto usioonekana. Hakuna aliyemwambia uongo mtupu, wala hakuna aliyemwambia kweli yote. Nikimaliza nitampa karatasi hizi asome mwenyewe, maana kwa mdomo nimejaribu mara nyingi na kila mara nimeishia kumwuliza kama ameshapika.

Mambo haya yalitokea kabla Mdachi hajahamisha boma lake kutoka hapa Chole kwenda Kilindoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mtoto wangu wa kwanza alikufa kabla ya kutimiza arobaini, na haukupita mwezi mume wangu akanipa talaka, nikarudi kwa dada Mwanahawa aliyekuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, na kila mahali palikuwa na ukili: umening'inia darini, umeviringishwa chini ya kitanda, mwingine umelowekwa kwenye ndoo uani ukinuka majani mabichi. Dada alikuwa akisuka misala mizuri kuliko mtu yeyote kisiwani, na aliweza kusuka bila kutazama. Mimi nilikuwa siwezi lolote. Mchana nilifunga mlango wa chumba cha nyuma, nikaziba upenyo kwa kanga, nikakaa gizani kwa sababu mwanga wa jua ulinikera, ulikuwa kama unaendelea na mambo yake bila kujali. Dada hakuniambia nisimame wala nisahau. Alikuja akakaa nami mle gizani na ukili wake, na nilisikia vidole vyake vikienda, na mara moja moja aliniambia, "Kuna kunde za nazi jikoni, ukitaka." Nadhani nilipona kidogo kwa kile kisauti cha vidole, ingawa siku zile sikujua kama ninapona.

Katika msimu wa kusi alifika Mzungu mzee, mrefu, mwenye ndevu nyeupe, akapanga nyumba ya mawe ya familia moja ya Kimanga iliyokuwa imehamia Unguja. Jina lake silitaji, na hapa hakuna aliyelitumia. Alileta masanduku yaliyojaa vioo, na jambo la kwanza alilofanya ni kuziba madirisha yote ya chumba kikubwa kwa mablanketi na makumbi, kisha akapaka kuta rangi nyeusi. Watu wakamwita Bwana Giza. Kisimani niliwasikia wanawake wawili wakizungumza huku wakivuta maji.

"Wanasema amefunga radi ndani ya kisanduku."

"Radi hii ya mvua?"

"Mwalimu Hemedi ndiye aliyesema. Jina lake radi, sijui radiumu."

"Basi na asikifungue."

Mwalimu Hemedi alikuwa akifundisha shule ya serikali asubuhi, na kwa kuwa alijua Kidachi vizuri, alasiri alimtafsiria Bwana Giza, ambaye Kiswahili chake kilitosha kuomba maji na kuuliza njia. Hemedi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kanzu yake safi daima, mtu wa kupima kila neno kabla ya kulitoa. Siku moja alikuja barazani kwetu akatangaza kwamba Bwana anatafuta watu wenye macho makali wa kukaa gizani na kuhesabu. Macho ya Bwana mwenyewe yalikuwa yameingia ukungu. Wavuvi wengi walikwenda, na wote walirudishwa. Dada akanitazama akasema, "Wewe gizani umeshakuwa mwenyeji. Nenda. Nitakwenda nawe, watu wasiseme."

Tulikalishwa mle chumbani karibu nusu saa bila kufanya lolote, mpaka macho yazoee. Kisha Hemedi, aliyekuwa nyuma ya pazia na saa ya mfukoni na kibatari kilichofunikwa, akaniambia niweke jicho kwenye kioo cha kukuzia, nivute punje moja ya tasbihi kwa kila cheche nitakayoiona kuanzia atakaposema "Haya" mpaka atakaposema "Basi." Akasema haya. Nikatazama. Akasema basi.

"Umehesabu ngapi, Bi Riziki?"

"Sikuona kitu."

"Hata moja?"

"Hata moja. Labda macho yangu ni mabovu."

Nikamsikia Bwana Giza akicheka, kicheko cha mtu aliyekata tamaa kisha akapata alichokitafuta. Hemedi akaeleza kwamba kioo kilikuwa kimefunikwa. Watu wote waliotangulia walikuwa wametaja hesabu, wengine kumi, wengine thelathini, ili kumfurahisha. Mimi nilichukuliwa kwa sababu sikusema uongo. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote.

Alipokifunua kioo ndipo nilipoona. Palikuwa na kibao kidogo kilichopakwa unga, na juu yake vitone vya nuru vikiwaka na kuzimika, hapa, pale, bila mpango, bila sauti, kama mvua ya kwanza inavyotua juu ya maji yaliyotulia. Tangu nilipomzika mwanangu sikuwahi kutazama kitu nikasahau kwamba ninatazama. Dada aliniomba naye aone. Aliinama pale muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Subhanallah. Nani anaziwasha?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila siku baada ya adhuhuri tulikwenda, mimi na tasbihi yangu, dada na ukili wake. Bwana Giza alitupa chai yenye maziwa ya kopo na mikate migumu aliyokuja nayo, na dada alimpelekea chaza wa nazi na viazi vitamu, na yule mzee alikula kwa shukrani mpaka akalamba vidole. Vidole vyake vilikuwa vya ajabu. Ncha zake zilikuwa ngumu, zimepasuka, nyekundu mahali na nyeusi mahali, na kucha mbili hazikuwapo. Dada alipouliza, Hemedi alitafsiri jibu: "Ni kitu hiki hiki. Alikishika miaka mingi kabla hawajajua kwamba kinachoma. Anasema hakichomi siku ile. Kinachoma baadaye, ukiwa umeshasahau."

Maswali ya dada ndiyo yaliyofanya niyaelewe yale mambo, maana mimi nilihesabu tu. Yeye hakupata kusoma zaidi ya msahafu, lakini hakuacha jambo mpaka alione pande zote, kama anavyogeuza msala kuangalia mafundo. Hemedi alimweleza kwamba kila cheche ni chembe moja inayovunjika na kurusha kipande chake kwenye unga, na kwamba kwenye ncha ya sindano zimo chembe nyingi kuliko mchanga wote wa Juani.

"Nani anazivunja?"

"Hakuna. Zinavunjika zenyewe."

"Kwa joto?"

"Anasema hapana. Ameziweka kwenye barafu, ameziweka kwenye moto, ni vile vile. Ndiyo maana amekuja huku, ahakikishe kama joto letu na hewa yetu ya chumvi vitabadilisha lolote."

Mimi nikauliza, na lilikuwa swali langu la kwanza: "Anajua ipi itakayovunjika kesho?"

Yule mzee alijibu maneno mengi. Hemedi aliyapanga kwanza. "Anasema hajui, na hakuna binadamu anayejua. Iliyokaa miaka elfu na iliyotokea leo asubuhi, zote zinaweza kuvunjika dakika hii, sawasawa. Hazizeeki. Lakini ukizichukua nyingi pamoja, hapo anajua kwa hakika nusu yake itakuwa imekwisha lini." Nilikuwa nashukuru kwamba kulikuwa na giza. Nilikuwa nimechoka na watu walioniambia kwamba mwanangu alikufa kwa sababu nilikwenda kisimani magharibi, au kwa sababu ya kijicho cha mke mwenzangu. Huyu mgeni ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba kuna vitu vinavyovunjika bila mtu kukosea. Hakujua kwamba ananiambia hivyo.

Yale madini yenyewe, alisema, huchukua zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kupungua mpaka nusu. Lakini yanatoa hewa, kama pumzi yao, na hewa hiyo maisha yake ni mafupi. Aliikamata kwenye chupa ndogo, akaifunga, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiihesabu. Baada ya siku nne kasoro kidogo, cheche zilikuwa zimebaki nusu. Siku nne nyingine, nusu ya ile nusu. Dada akasema, "Halafu inakwisha."

"Haikwishi hivyo, Bi Mwanahawa. Inabaki nusu ya nusu ya nusu."

"Aa. Kama mgeni mwenye haya. Anakata nusu ya kitumbua kilichobaki, kisha nusu ya ile nusu, asionekane ndiye aliyemaliza." Hemedi alipomtafsiria Bwana Giza, mzee alipiga goti lake kwa kofi na kuandika kwenye daftari. Siku nyingine walibishana juu ya neno. Hemedi alikuwa akiandika maelezo ya Kiswahili pembeni ya yale ya Kidachi, na alikuwa ameandika "kuoza." Dada akakataa. "Kinachooza kinanuka. Hiki kinanuka?" Akajaribu "kufa." Dada akauliza kinageuka nini kikishakufa, akaambiwa kinageuka kitu kingine, na hicho nacho kinageuka kingine, mpaka mwisho wa yote inabaki risasi. "Risasi ya bunduki?" "Risasi hii hii ya kuzamishia nyavu." Dada akafikiri huku akisuka. "Basi andika kuvunjika," akasema. "Kufa hakumgeuzi mtu risasi ya nyavu." Tulicheka wote wanne, na nasema kweli kwamba ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka hivyo.

Ilikuwa mle mle chumbani, tukingoja macho yazoee, Hemedi akiwa bado hajafika na Bwana Giza akihangaika na vioo vyake ukumbini, dada alipounyamazisha ukili wake na kusema, "Riziki, nipe mkono." Akauchukua, akauingiza chini ya kanga yake, upande wa kushoto. Nilikuta kitu kigumu kama korosho ndani ya ganda, hakisogei. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu mfungo uliopita, kwamba ameshakunywa kombe, ameshafungwa majani, na kwamba daktari wa Kidachi aliyepita na meli alisema aende Dar es Salaam akakatwe. "Kukatwa titi na wanaume, nimelazwa kwenye meza kama papa. Siendi." Kisha akanong'ona, "Nilimsikia Hemedi akisema huko kwao madaktari wanaweka kichupa cha madini haya juu ya uvimbe na uvimbe unayeyuka. Umwombe. Wewe anakusikiliza."

Nilimwomba, kupitia kwa Hemedi, na Bwana Giza akakataa. Alisema yeye si daktari wa watu. Akatuonyesha vidole vyake. Tukaenda tena, dada akaenda peke yake, na mara ya tatu hakusema kitu, alikaa tu mlangoni na Biubwa amelala mapajani mwake mpaka mzee mwenyewe akatoka. Walitazamana. Akamwambia Hemedi maneno machache, na Hemedi akasema, "Atajaribu. Kidogo kidogo. Mkitaka kulaumu, msije mkamlaumu yeye." Kichupa chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya mpunga, ndani ya ala ya fedha, na kilikaa kwenye kisanduku kizito cha risasi. Kwa kuwa lilikuwa titi la mwanamke, yeye hakuweza kuingia. Nilifundishwa mimi: nikishike kwa koleo, nikiweke juu ya pamba, nikifunge kwa kitambaa, nitazame saa, nusu saa, isizidi hata dakika, nirudishe kisandukuni, niandike kwenye daftari. Mara moja kwa wiki, asubuhi ya saa tatu, Hemedi akiwa shuleni na mzee akiwa amevuka kwenda Juani kuchota mchanga wa kupima.

Uvimbe ulipungua. Wiki ya sita nilipougusa ulikuwa kama punje ya kunde. Dada alipika wali wa nazi na changu wa kukaanga, akawaita majirani bila kuwaambia sababu, akaimba jikoni. Nilimwona akimrusha Biubwa juu na kumdaka. Kisha ukasimama pale pale, haupungui wala hauongezeki, na Hemedi akaja na habari kwamba kazi inakaribia kwisha: joto letu halikubadilisha lolote, nusu ni nusu huku na huko, na Bwana ataondoka na meli ijayo.

Siku ya kichupa iliyofuata nilikuwa na saa mkononi. Nusu saa ilipotimia niliinuka. Dada akanishika mkono.

"Kiache."

"Amesema isizidi, dada."

"Akiondoka anaondoka nacho. Na hiki kilichobaki nitakitoa na nini? Kiache, Riziki. Sisikii chochote, hakiumi."

"Vidole vyake havikumwuma siku ile."

"Vidole vyake ni miaka. Mimi nakuomba asubuhi moja." Akanitazama kwa macho yale yale aliyokuwa akinitazamia mle gizani wakati mimi siwezi kula. "Nina mtoto," akasema.

Nikakiacha. Kilikaa mpaka adhana ya adhuhuri. Nikakirudisha, nikachukua kalamu, nikaandika: nusu saa. Wiki iliyofuata nikafanya hivyo tena, na iliyofuata pia. Mara tatu. Nilikuwa na furaha ya siri, kama mtu anayemwibia tajiri chumvi kidogo ampikie mgonjwa.

Kwanza ngozi iliwiva kama ya mtu aliyelala juani. Kisha ikawa kidonda, kisha kidonda kikachimba, kikakataa asali, kikakataa mafuta ya nazi mabichi, kikakataa unga ambao Bwana Giza aliuagiza kutoka Dar es Salaam. Meli ilikuja akaiacha iende bila yeye. Dada alianza kukohoa. Chumba kile cha nyuma ambako nilikuwa nimejifungia mwanzo wa mwaka sasa kilikuwa chake, nami ndiye niliyekaa naye nikijaribu kusuka ili asikie vidole. Alinisahihisha mpaka wiki ya mwisho. "Umelegeza," aliniambia. "Fumua." Hakunilaumu. Siku moja tu, nikimbadilisha kitambaa, alisema, "Usije ukamwambia mtu. Ni mimi niliyetaka." Nikamwambia anyamaze. Madaktari wa siku hizi ningewauliza wangeniambia labda ugonjwa ulikuwa umeshatembea mwilini, kwamba angekufa tu. Huenda. Mimi ninajua kwamba alikufa na kidonda nilichokitia kwa mkono wangu, na kwamba kilimwuma.

Alifariki asubuhi, Biubwa akiwa uani akichezea vifuu. Siku ya tatu ya matanga Bwana Giza alikuja. Alisimama kwenye kizingiti cha ukumbi, kofia mkononi, hakutaka kukaa. Wanawake wakasogea. Alizungumza muda mrefu akitazama chini, na Hemedi, pembeni yake, akatafsiri.

"Anasema amepiga hesabu zake upya usiku na mchana. Hajaona kosa lilipo, lakini kosa lazima liwe lake. Anakuomba radhi."

Sikuweza kuipokea radhi hiyo. Nilisimama, nikamsogelea Hemedi, nikasema kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie: "Mwalimu, mwambie kosa si lake. Mwambie nilikiacha kichupa toka saa tatu mpaka adhuhuri, mara tatu. Mwambie niliandika uongo kwenye daftari lake. Mwambie yote."

Hemedi alinitazama. Midomo yake ilikuwa mikavu. Kisha akamgeukia mzee akasema maneno ya Kidachi, machache. Yule mzee akajifunika uso kwa kofia na mabega yake yakatikisika. Alipoishusha, aliuchukua mkono wangu kwa vile vidole vyake vigumu, akasema kitu.

"Anasemaje?"

"Anasema amekusamehe," Hemedi akajibu. "Anasema usijilaumu."

Nimeishi kwa maneno hayo. Niliolewa tena, nilimlea Biubwa, nilimwoza, nikasuka misala, si mizuri kama ya dada. Vita vya Mdachi na Mwingereza vilikuja vikapita. Na kila nilipoamka na lile jambo limenikalia kifuani nilijiambia kwamba nilisema kweli, na kwamba aliyekosewa alinisamehe uso kwa uso. Watu wengi hawapati hata hilo.

Wiki tatu zilizopita mjukuu wa Hemedi aliniletea ujumbe kwamba babu yake anaumwa na ananiita. Nilimkuta Kirongwe, kwenye chumba chenye magunia ya korosho, amelala kitanda cha kamba, amebaki mifupa na macho. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, Bi Riziki. Kaa." Mkwewe akaleta uji wa mtama akaondoka. Tulizungumza habari za watu waliokufa. Kisha, bila kubadilisha sauti, akasema:

"Sikumwambia."

"Hukumwambia nani?"

"Bwana Giza. Siku ile ya matanga. Nilimwambia wewe umemsamehe."

Nilisikia kuku uani. Nilisikia mtu akitwanga mbali. "Na yeye alisema nini?"

"Alisema hastahili."

Nikamwuliza kwa nini. Alichukua muda kupata pumzi. Akasema wakati ule mtu alichapwa viboko kwa kuvunja gilasi ya Mdachi, na mimi nilikuwa nimekiri kuandika uongo kwenye daftari la Mdachi, na mtu amekufa. "Biubwa alikuwa ameshika kanga yako. Nikajiuliza, huyu atabaki na nani?"

"Asingenishtaki, Mwalimu. Mtu yule asingenishtaki."

"Sasa najua. Siku ile sikujua." Akafumba macho. "Aliniandikia barua mbili kabla ya vita. Zote aliuliza jambo moja. Kama nimekumbuka lolote. Saa iliyokosea, dakika zilizozidi. Alikuwa bado anapiga hesabu. Sikumjibu."

Nilikuwa nawaza yule mzee, huko kwao kwenye baridi, na macho yake yenye ukungu, akitafuta kosa mahali ambapo halipo, mwaka baada ya mwaka, mpaka alipokufa, maana lazima ameshakufa. Sijui kaburi lake liko wapi. Sijui hata kama alikuwa na watoto ambao mtu angeweza kuwaandikia.

"Umenisamehe?" Hemedi akauliza.

"Kunywa uji kwanza," nikamwambia. "Unapoa." Hakuweza kushika kijiko, nikamnywesha mimi, mpaka bakuli likabaki tupu, nikampangusa kidevu. Hakuuliza tena. Niliaga, nikasema nitarudi baada ya wiki mbili, na wiki ya pili haijaisha walikuja kuniambia amefariki.

Nilipofika Kirongwe wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nikaenda uani ambako walikuwa wanapika wali wa msiba, nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, na pale, katikati ya moshi na masufuria na wanawake wanaoulizana chumvi iko wapi, nikasema, "Nimekusamehe, Mwalimu." Msichana aliyekuwa karibu akageuka akauliza, "Unasema unataka nini, bibi?" Nikamwambia sitaki kitu, aendelee na kazi yake.